NANI ANALINDA USINGIZI WETU?

Leo hatukuja kuwatia hasira. Tumekuja kufanya hesabu pamoja nanyi, maana asiyejua hesabu ya nyumba yake huibiwa mchana kweupe.

Mnaijua kodi ile inayoitwa "lala salama". Wenye silaha huja kijijini na kusema: toeni franga, mlale. Nasi tumelipa. Mchimbaji amelipa mlangoni pa shimo, mama amelipa kwenye bariera, mihogo yake ingali mgongoni. Sasa twauliza: je, tumelala?

Tuanze na zamani. Mwaka 1960 tulipopata uhuru, Wabelgiji walikuwa bado na kambi zao kubwa Kamina na Kitona. Jeshi letu lenyewe, Force Publique, liliongozwa na maofisa Wazungu, nalo liliundwa ili kulinda kazi ya mkoloni, si kumlinda raia. Siku chache tu baada ya uhuru askari waliasi, Wabelgiji wakatoka makambini mwao, na Julai hiyohiyo askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia. Walikaa hata 1964. Ndipo tulipoona ya kwamba nchi isiyo na jeshi lenye nidhamu hujaa majeshi ya wengine.

Umoja wa Mataifa ulirudi mwaka 1999 kwa jina la MONUC, na tangu 2010 unaitwa MONUSCO. Hatusemi hawakufanya neno. Mwaka 2013 askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walisimama pamoja na jeshi letu, na M23 wakashindwa. Waliokufa kwa ajili yetu twawaheshimu. Lakini Walikale hatuwezi kusahau Luvungi. Tangu tarehe 30 Julai hata 2 Agosti 2010 watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vya jirani. Umoja wa Mataifa wenyewe ulihesabu watu 387 waliobakwa. Kambi yao ya Kibua ilikuwa umbali wa kilometa 30 hivi. Kambi ilikuwapo, ulinzi haukuwapo.

Novemba 2022 likaja jeshi la Afrika Mashariki. Desemba 2023 likaondoka. Mwezi huohuo likaja jeshi la SADC. Machi 2025 wakuu wao wakaamua limalize kazi. Wakati huo Masisi mjini na Goma walikwisha kutekwa Januari 2025. Walikale mjini nako kukatekwa Machi, na M23 wakatoka Aprili. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ya kwamba maelfu ya askari wa Rwanda waliingia kuwasaidia M23, Rwanda ilikana. Kwa hiyo kuna mgeni aliyealikwa, na kuna mgeni aliyevunja mlango. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Lakini mwenyeji asiyejiuguza mwenyewe hatapona hata waje wageni mia.

Basi tujitazame nasi. Wachimbaji wa bati, mnaikumbuka Bisie. Kati ya 2006 na 2009 brigedi ya 85 ya jeshi la taifa ilikalia mlima ule na kutoza kila mzigo. Askari wale ni watoto wetu. Mshahara usipofika, njaa humfundisha askari njia ya shimoni. Leo kuna Wazalendo. Wako waliomwaga damu kwa ajili ya vijiji vyao, na wako walioweka bariera. Rubaya, iliyotekwa na M23 mwaka 2024, wataalamu wamehesabu kodi ya koltani kuwa dola 800,000 kwa mwezi. Mkono hubadilika, mfuko unaotobolewa ni ule ule wa mchimbaji.

Tufanye nini? Kwanza, tudai askari alipwe mshahara mkononi mwake, alale kambini, mbali na shimo. Askari anayekula mgodini atalinda mgodi, hatakulinda wewe.

Pili, kila kambi ya kigeni iseme mbele ya raia: imekuja kwa kazi gani, itaondoka lini, na nani ataitika tukipiga kelele usiku.

Tatu, tutunze ushuhuda: siku, mahali, kiasi kilichotozwa. Usiutangaze barabarani ukajiletea hatari. Uweke pahali salama mpaka siku yake. Watu wa Luvungi walikaa miaka kumi. Wakasimama mbele ya mahakama ya kijeshi Goma, na Novemba 2020 Sheka, aliyekuwa mfanyabiashara wa madini kabla ya kuwa mkuu wa Mai-Mai, akahukumiwa kifungo cha maisha. Hawakuwa na bunduki wale. Walikuwa na maneno yao.

Ndugu, usingizi haununuliwi barierani. Siku askari wetu atakapopita usiku na mtoto asishtuke, siku hiyo ndiyo tutakayosema tumelala salama. Na hatutakuwa tumelipa franga hata moja.