Ndoa Moja, Nyumba Mbili



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, mazungumzo ya leo yahusu jambo ambalo zamani lisingetajwa katika majlisi kama hii. Siku hizi wako vijana wa jamaa hii walioolewa au kuoa Marekani. Na wengine walifungishwa nikaha hapa hapa, mbele ya wazee, kisha mmoja akamfuata mwenzake. Mambo yao yakiharibika huko, simu hupigwa huku, na wazee huombwa shauri. Basi yafaa mwenye kuombwa shauri awe na la kujibu.

Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia ndoa za uwongo, yaani ndoa zifungwazo kwa ajili ya karatasi tu. Kwa sheria hiyo, mtu apataye ukaazi kwa sababu ya kuoana na raia au mkaazi wa kudumu, na ndoa yao haijatimiza miaka 2 siku hiyo, hupewa kadi ya kijani yenye sharti. Kadi hiyo hudumu miaka 2. Katika siku 90 za mwisho yawapasa mume na mke kutia sahihi pamoja fomu iitwayo I-751, kuomba sharti liondolewe. Isipopelekwa fomu, ukaazi huanguka, na mwenye kadi aweza kushtakiwa ili aondoshwe nchini. Ama mke au mume aliyeingia pamoja na mwenzake kwa bahati nasibu ya viza, huyo hafungwi na sharti hili.

Sasa litazamwe jambo lenyewe. Mume yuko Texas kwa kazi. Mke yuko Ohio akisomea uuguzi. Miaka 2 yakaribia kwisha, na hofu yawaingia kuwa wataambiwa, "Ninyi si mume na mke." Hapo ndipo mtu mwenye nia njema hushauriwa vibaya: aandike kwamba wanakaa nyumba moja. Hilo ni kosa kubwa, tena halina haja. Mwaka 1975 mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kutengana baada ya kuoana, peke yake, si dalili ya kutosha kuwa ndoa ilikuwa ya uwongo. Linaloulizwa ni nia yao siku walipooana: je, walikusudia kujenga maisha pamoja? Basi nyumba mbili hazivunji haki; kinachoivunja ni uwongo.

Wanaokaa mbalimbali wako namna tatu, na yapasa zisichanganywe.

Wa kwanza ni waliotenganishwa na riziki au masomo, na mapenzi yao ni mazima. Hao na watie sahihi pamoja, waandike anwani zote mbili kama zilivyo, na waeleze sababu. Mali bila daftari hupotea bila khabari, na ndoa ya ugenini ni vivyo hivyo. Waweke mkataba wa nyumba waliyopanga pamoja, hesabu ya benki yenye majina mawili, karatasi za kodi ya mapato, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na tikiti za safari za kutembeleana. Tena asiye raia akihama huko, yampasa kuiarifu serikali katika siku 10.

Wa pili ni waliogombana wakatengana, lakini hawajaachana. Wakiridhia wote wawili, bado waweza kutia sahihi pamoja, nao waseme wazi kuwa wametengana. Mmoja akikataa, sahihi yake isighushiwe kamwe.

Wa tatu ni walioachana. Mmoja wao aweza kuomba peke yake, akithibitisha kuwa ndoa ilikuwa ya kweli na kuwa imekwisha. Hapa Waislamu wengi hujikwaa. Talaka iliyotamkwa Marekani mbele ya shehe tu haiivunji ndoa kwa sheria ya nchi ile. Hutakiwa hukumu ya mahakama. Kwa hiyo yuko mwanamke aliyekwisha maliza eda yake, na kwa dini si mke wa mtu, lakini katika vitabu vya serikali angali mke. Fundo hili lilifungwa mara mbili, na hapana budi lifunguliwe mara mbili. Mume aliyetoa talaka, kisha akakataa kwenda mahakamani ili kumkomoa mwenzake, na ajue kuwa mke naye aweza kwenda mwenyewe.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Mke au mume aliyepigwa au kuteswa na mwenzake aweza kuomba peke yake, bila sahihi ya mtesaji, wala hana haja ya kungoja talaka wala kungoja miaka 2 iishe. Basi mzazi amwambiaye binti yake, "Vumilia mpaka kadi itoke," amemfunga katika mateso ambayo hata sheria ya wageni haikumfunga.

Na wazee nao wana sehemu yao. Sheria hupokea maelezo ya kiapo ya watu waijuao ndoa. Mzee aandike aliyoyaona: siku ya nikaha, mahari yaliyotolewa, ziara walizofanya wawili hao. Asiyoyaona asiyaandike. Anayeoa kwa makusudi ya kuikwepa sheria ya uhamiaji aweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa hadi dola 250,000. Njia ya mwongo ni fupi, na mwishoni mwake yuko kijana asiyeweza tena kurudi alikotolewa.

Kwa hivyo simu itakapolia, mzee asianze kwa hila. Aulize kwanza: ninyi ni wa namna ipi katika tatu hizi? Kisha awaelekeze kwa wakili wa uhamiaji mwenye idhini, si kwa dalali wa karatasi, na mapema, kabla siku 90 hazijapita.

Mwenyezi Mungu awahifadhi walio mbali, na azisitiri nyumba zao, moja au mbili. Wabillahi taufiq.