Kilichofichwa Ndani ya Plastiki

Mada kwa wakazi wa kata



Katika nyumba nyingi jiko la mkaa huwashwa kwa kipande cha plastiki. Hushika moto upesi, na mama huona ameokoa fedha ya mafuta ya taa. Moshi mweusi unaopanda kwa dakika chache hauhesabiwi kuwa gharama. Mada hii inahusu kilichomo ndani ya moshi huo, mahali kilipotoka, na sababu ya sheria peke yake kutotosha kuuzuia.

Plastiki haitengenezwi kwa malighafi moja. Kiwandani huongezewa kemikali ili ipate sifa anazozitaka mnunuzi. Plastiki ya PVC ni ngumu kwa asili. Hulainishwa kwa kemikali ziitwazo fithaleti ndipo iwe ngozi ya bandia au ganda la waya wa umeme. Makasha ya televisheni na kompyuta yalitiwa kemikali zenye bromini ili yasishike moto kwa urahisi. Taarifa ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2023 ilieleza kwamba kemikali zaidi ya 13,000 zinahusishwa na plastiki, na kwamba zaidi ya 3,200 kati yake zina sifa za kutia wasiwasi.

Nyingi ya kemikali hizo hazikufungamana na plastiki yenyewe. Zimechanganywa nayo tu, kama mafuta katika unga uliokandwa. Joto, mafuta ya chakula na uchakavu huzitoa. Baadhi ya fithaleti huvuruga homoni na kudhuru uzazi. Baadhi ya kemikali zenye bromini huhusishwa na madhara katika ukuaji wa ubongo wa mtoto.

Dunia haikukaa kimya. Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali zinazodumu kwa muda mrefu katika mazingira, ulipitishwa mwaka 2001, na Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 2004. Kemikali kadhaa za bromini ziliingizwa katika orodha yake mwaka 2009, nyingine mwaka 2017. Mwaka 2023 iliongezwa UV-328, inayokinga plastiki dhidi ya jua. Chini ya Mkataba wa Basel, tangu Januari 2021 taka za plastiki zilizochanganyika au kuchafuka hazipaswi kusafirishwa bila ridhaa ya nchi inayozipokea.

Hata hivyo, kemikali iliyopigwa marufuku leo haitoweki katika bidhaa zilizotengenezwa jana. Televisheni kuukuu husagwa, na plastiki yake nyeusi huweza kurejeshwa sokoni ikiwa kijiko au kitu cha kuchezea mtoto. Uchunguzi wa kimaabara katika nchi mbalimbali umekuta kemikali za bromini katika bidhaa za namna hiyo, ambazo hazikuhitaji kamwe kinga ya moto. Kemikali inayoingia nchini ndani ya pipa huwa na jina na nyaraka, nayo hudhibitiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kemikali hiyohiyo ikiingia ndani ya beseni, macho ya mkaguzi huona beseni. Ndiyo maana alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania haipaswi kupuuzwa.

Hakuna anayetarajia familia itupe vyombo vyake vyote. La kwanza ni kuitenga plastiki na moto. Jiko liwashwe kwa vijiti vikavu, makaratasi au maganda ya mahindi. Anayeuza shaba amenye waya kwa kisu badala ya kuuchoma, kwa sababu PVC ikiungua hutoa daioksini, sumu inayodumu mwilini kwa miaka. Fedha ya shaba haipungui kwa kumenya. Kinachoongezeka ni muda wa kazi, na muda huo ni nafuu kuliko mapafu ya watoto wanaocheza jirani.

La pili ni kuitenga plastiki isiyo ya chakula na chakula cha moto. Uji na mafuta yaliyotoka jikoni viwekwe katika sufuria, bakuli la bati au udongo. Chombo chenye alama ya glasi na uma kilikusudiwa kwa chakula. Dumu lililobeba kemikali au dawa ya shamba lisitumike kuhifadhi maji ya kunywa, hata likisuguliwa kwa mchanga na sabuni, kwa kuwa plastiki hunyonya kilichowekwa ndani yake.

Mwenye shaka kuhusu chombo au dumu alilouziwa amwone Afisa Afya wa kata kabla ya kulitumia. Mikataba hujadiliwa katika miji ya mbali, lakini mkono unaoshika kiberiti uko nyumbani.