Alitazamwa Tena Siku ya Saba



Katika Mambo ya Walawi, mlango wa 13, kuhani hakukata neno kwa kutazama mara moja. Mtu mwenye alama isiyo wazi aliwekwa kando siku saba, kisha akatazamwa tena. Sisi tulikuwa wepesi kuliko kuhani yule. Ndugu mmoja wa kanisa letu alijitolea damu, akaitwa na kuambiwa ina virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Habari zikaenea. Jumapili iliyofuata hatukumpa mkono, naye akaacha kuja kwenye Meza ya Bwana.

Tulikosa. Ugonjwa huu hupitia katika damu, katika tendo la ndoa, kwa wembe au sindano ya kushirikiana, na toka kwa mama hata mtoto wakati wa kuzaa. Haupiti kwa mkono, wala sahani, wala kikombe.

Tena hatukuelewa cheti chake. Kipimo cha kwanza chasema tu kwamba virusi vimo. Hupimwa tena baada ya miezi sita. Vikiwa vimo bado, ndipo huitwa ugonjwa wa kudumu. Mtu mzima aambukizwapo, mara nyingi mwili wake huvifukuza. Mtoto mchanga hawezi: tisa katika kumi hubaki navyo. Liko pia jibu la kinga, na hilo ni habari njema, maana mwenye kinga alipona au alichanjwa. Lakini wako waliolisoma vibaya wakalia bure.

Kwa ndugu yetu virusi vilibaki. Hakufa. Ila ini laweza kujaa makovu, hata kupata saratani, bila maumivu yo yote kwa miaka mingi. Kwa hiyo daktari humpima mara kwa mara, na dawa za kuvituliza zipo kwa wanaozihitaji. Pombe ameacha. Mahindi yenye ukungu pia, kwa kuwa sumu yake ikikutana na virusi hivi huzidisha sana hatari ya saratani, nasi twayajua maghala yetu baada ya mvua!

Mkewe alipimwa, akaonekana hana, akachanjwa mara tatu. Watoto walikwisha kuchanjwa kliniki, kama ifanywavyo Kenya tangu 2001. Wazee wawili walikwenda kwake jioni kumwomba radhi, akawapikia chai.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wanaongojea majibu juma hili, nasi tuketio karibu nao. Amina.