Bunduki haitalinda shamba letu

Haya ni mazungumzo ya mfanyakazi wa huduma za jamii na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Njukini. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

 

Leo nilikuwa nizungumze juu ya vitabu vya hesabu. Vitabu vitangoja. Kuna jambo lililonifikia, na nikilinyamazia sitakuwa nimewatendea haki.

Wiki chache zilizopita viongozi wa kikundi kimoja walinijia jioni, kimya kimya. Sitakitaja, na msianze kutazamana. Ndovu walikuwa wameingia usiku na kumaliza mahindi ya wanachama watatu. Ndizi zilikanyagwa, mpira wa kumwagilia nyanya ukakatwakatwa. Wakaniambia: "Dada, tumechoka. Kuna mtu anamjua mtu ng'ambo ya mpaka. Tukitoa akiba ya kikundi tutapata bunduki moja, tuwe tunalinda kwa zamu. Dawa ya moto ni moto."

Sikuwagombeza. Mtu aliyelala njaa kwa sababu ya ndovu hahitaji kugombezwa. Niliwaomba wanipe muda nifikiri. Haya ndiyo niliyofikiri.

Kwanza, niseme ya nyumbani

Mimi nimekulia katika boma lililokuwa na bunduki. Mjomba wangu aliiweka chini ya kitanda, na risasi katika mkebe wa siagi juu ya kabati. Alisema ni ya kulinda ng'ombe. Kwa miaka yote ile sikumwona mwizi hata mmoja aliyefukuzwa nayo. Ila siku moja watu wazima wakiwa shambani, watoto wawili waliitoa wakacheza askari na mwizi. Mmoja wao hakuamka tena. Alikuwa na miaka tisa. Yule mwingine sasa ni mtu mzima, na mpaka leo hawezi kukaa kwenye chumba kilichofungwa mlango.

Bunduki ile ilinunuliwa kwa ajili ya mwizi. Mwizi hakuja. Jamani, bunduki haijui ilinunuliwa kwa ajili ya nani.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, iko wazi: hakuna ruhusa ya kununua wala kuwa na bunduki, au hata risasi tu, bila cheti. Na gobole la kutengenezwa nyumbani nalo ni bunduki. Wengine hudhani adhabu ni faini unayoweza kuchangiwa. Sivyo. Ni kifungo cha miaka mingi, na kwa silaha za kivita kama AK-47 kifungo ni kirefu zaidi.

Cheti kinaombwa kwa njia ya polisi na Bodi ya Leseni za Silaha. Mwombaji anaulizwa sababu, na tabia yake inachunguzwa. Mlevi hapewi, wala mtu asiye na akili timamu. Akipewa, lazima aiweke mahali salama palipofungwa, na ikipotea aripoti mara moja. Cheti ni cha mtu yule aliyeandikwa. Bunduki ya kuzungushana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, haiwezekani kisheria.

Kwa hiyo mama mjane, kama marehemu mumeo aliacha bunduki yenye cheti, usikae nayo ukidhani umeirithi kama jembe. Peleka habari polisi.

Sasa sikilizeni jambo linalohusu kikundi. Anayesaidia kosa litendeke anahesabiwa kama mtendaji. Aliyechanga fedha akijua ni za bunduki anaweza kusimama kizimbani pamoja na aliyekamatwa nayo. Na kile kitabu cha kumbukumbu ambacho ninawasumbua kila mwezi mkijaze vizuri ndicho kitakachokuwa ushahidi.

Tufanye hesabu kidogo. Wanachama 24, kila mmoja shilingi 100 kwa wiki, ni shilingi 2,400. Kwa wiki 26 ni shilingi 62,400. Hiyo ni nusu mwaka ya mama kuuza ndizi akijinyima sukari. Je, mtaitoa kununua kitu msichoweza kukiandika kitabuni?

Na ndovu je?

Risasi moja haimwangushi ndovu kirahisi. Humjeruhi, na ndovu aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliyeshiba mahindi. Atakayekutana naye asubuhi ni mtoto anayekwenda shule au mama anayekwenda kuteka maji. Tena Sheria ya Wanyamapori ilipotungwa mwaka 2013 iliweka kwa makosa ya wanyama walio hatarini kuangamia faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha. Ukali huo una sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Kufikia 1989 hawakuzidi 20,000. Waliobaki walibaki kwa bahati, na kilichowamaliza wengine ni bunduki.

Dawa ya moto ni moto?

Kuna mahali pamejaribu dawa hiyo. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka Uganda, askari walikimbia kambi ya Moroto, kule Karamoja, na ghala la silaha likaachwa. Watu wakajichukulia. Wizi wa mifugo ulikuwapo tangu zamani, kwa mikuki. Sasa ukawa wa risasi. Aliyeibiwa naye akatafuta bunduki. Jirani yake akaona hawezi kubaki mikono mitupu. Moto ukasambaa mpaka upande wetu wa Kenya, Pokot na Turkana.

Je, ng'ombe walipata usalama? La. Vijana walikufa, shule zikafungwa, masoko yakahama. Uganda ilianza kukusanya silaha mwaka 2001, ikarudia 2006. Kenya nayo ilikuwa na Operesheni Dumisha Amani mwaka 2005. Novemba 2016 serikali yetu ilichoma bunduki 5,250 kule Ngong. Lakini kutoa bunduki mikononi mwa watu ni kazi ngumu mara mia kuliko kuiingiza, maana kila mmoja anasema: "Atoe kwanza yule."

Ndiyo sababu Aprili 2004 nchi za eneo letu zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo. Kenya ilikuwapo, Tanzania ilikuwapo. Hata Shelisheli, taifa dogo la visiwa, lilitia sahihi. Kama watu waliozungukwa na bahari waliona kwamba bunduki ya jirani inawahusu, sisi tunaotenganishwa na jirani kwa njia ya miguu tutasema nini? Kikundi kimoja hapa kikinunua moja, kijiji cha pili kitasikia. Nao wa ng'ambo watasikia. Baada ya mwaka mmoja hatutakuwa tunazungumza habari za ndovu tena.

Basi tufanye nini?

Mtaniambia: "Dada, umetukataza tu." Hapana. Nina mambo manne.

1. Hasara iripotiwe siku hiyo hiyo. Piga picha kama kuna simu, mwite chifu, nenda ofisi ya KWS ujaze fomu ya fidia. Sheria ya 2013 inataja fidia: shilingi milioni 5 mtu akiuawa, milioni 3 akipata ulemavu wa kudumu. Mazao pia yamo. Najua malipo huchelewa, mnalijua kuliko mimi. Lakini madai ambayo hayakuandikwa hayalipwi kamwe. Kikundi kichague mtu mmoja wa kufuatilia fomu za wote.

2. Ulinzi wa pamoja. Zamu za usiku, tochi zenye nguvu, debe na filimbi, na namba za simu za askari wa wanyamapori kwa kila kiongozi wa Nyumba Kumi. Mtu mmoja asimfukuze ndovu peke yake, hasa akiwa amekunywa.

3. Nyuki. Hapa hapa katika kaunti yetu, Sagalla karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Utafiti wa miaka tisa uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mazao yakiwa yamestawi, kati ya ndovu 100 waliokaribia, kama 86 walizuiwa. Si dawa ya kila kitu, kwani ukame ukiwa mkali nyuki huhama. Lakini mzinga unalipa asali, na unaweza kuuandika kitabuni bila kuona haya. Napendekeza vikundi viwili vitume watu wakaone kwa macho yao.

4. Bunduki iliyopo tayari. Nasema hili kwa upole. Kama ipo nyumbani kwa mtu, isikae. Lakini usiibebe barabarani, maana ukikutwa nayo njiani utaelezaje? Nenda kwanza mikono mitupu, pamoja na mtu anayeheshimika, kama chifu, mzee wa kijiji au padre, ueleze polisi na upange itakavyochukuliwa. Serikali ikitangaza kipindi cha msamaha, usikiache kipite. Na ukiokota bunduki au risasi porini, usiguse. Weka watoto mbali, toa habari.

Wale viongozi walionijia jioni ile wako hapa leo. Akiba yao bado iko benki, nimeonyeshwa kitabu. Nawashukuru kwamba waliuliza kabla ya kutenda. Wangeweza kutouliza, na leo tungekuwa tunachanga nauli ya kwenda kuwaona gerezani, au sanda ya mtoto.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Ndovu au wezi wakija usiku wa leo, nani atampigia nani simu? Andikeni majina.

Ni hasara ngapi za mwaka huu hazijaripotiwa, na kwa nini?

Katika nyumba zetu, kuna kitu gani cha hatari ambacho mtoto wa miaka tisa anaweza kukifikia?

 Vitabu vya hesabu, mwezi ujao.