Kabla Hujamimina Dawa Tangini

Msikilizaji, nenda leo kwenye maduka ya spea pale Gerezani, Kariakoo, uombe dawa ya dizeli ya pikapu. Hutatoka mikono mitupu. Utapangiwa juu ya kaunta chupa nne au tano, ya kijani, nyekundu, nyeusi, na zote zinaahidi yaleyale: nguvu inaongezeka, ulaji wa mafuta unapungua, nozeli zinakuwa kama mpya. Muuzaji atakuuliza ni gari gani. Ukimjibu Hilux, mkono wake utakwenda moja kwa moja kwenye ile ya bei ya juu. Gari linaumwa nini, hatakuuliza, na mara nyingi hata wewe mwenyewe hukujiuliza kabla ya kutoka nyumbani.

Sisemi kwamba dawa hizi zote ni utapeli. Zipo zinazofanya kazi, na kampuni za mafuta zenyewe huzitia kwenye dizeli kabla haijafika sheli. Ila kila moja ina ugonjwa wake. Iko ya kulainisha pampu, iko ya kusafisha nozeli, iko ya kushughulikia maji, iko ya kuifanya dizeli iwahi kuwaka. Chupa inayodai kutibu yote hayo kwa kifuniko kimoja, mimi naiacha palepale kaunta.

Tuanze na kulainisha, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli kwa kawaida haina oili yake ya pembeni. Vyuma vyake vinasuguana ndani ya dizeli yenyewe, na dizeli hiyohiyo ndiyo inayovilainisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sweden ilileta dizeli safi sana, iliyoondolewa karibu salfa yote. Hewa ya mijini ikapata nafuu, lakini pampu za magari zikaanza kufa. Kosa halikuwa la salfa kukosekana. Mtambo unaoondoa salfa kwa hidrojeni huondoa pia vitu vingine vidogo vidogo vilivyokuwa vikilinda chuma. Toka hapo ikawa desturi kuvirudisha kwa njia ya dawa, na kikawekwa kipimo: kijipira cha chuma kinasuguliwa juu ya kibati kilichozamishwa kwenye dizeli ya nyuzijoto 60 kwa dakika 75, halafu kovu lililobaki kwenye kijipira linapimwa kwa hadubini. Viwango vya Ulaya vinataka kovu hilo lisizidi mikroni 460. Marekani wanavumilia hadi 520.

Sisi nasi tulifuata njia hiyo. Kuanzia Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilitaka dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Kwa hapa Tanzania, shehena zinaagizwa kwa pamoja, kwa hiyo dizeli ya sheli hii na ya sheli ile pale ng'ambo ya barabara huenda ilishuka kutoka meli moja. Dizeli ya namna hiyo, ikikufikia kama ilivyotoka ghalani, haihitaji chupa yako ya kulainisha. Umekwisha kuilipia humo humo kwenye bei ya lita.

Tatizo ni pale isipokufikia kama ilivyotoka ghalani. Uchakachuaji tunaujua. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili wakaguzi waweze kubaini yaliyochanganywa, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuziba pengo la bei lililokuwa likiwatamanisha wajanja. Wakenya nao mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu hiyohiyo. Mafuta ya taa ni mepesi na makavu. Yakichanganywa na dizeli, injini itawaka, itatembea, pengine hata usihisi chochote siku hiyo, lakini pampu inasagika kimyakimya. Je, chupa ya kulainisha itasaidia? Kidogo, ndiyo. Lakini hujui umeuziwa mafuta ya taa kiasi gani, na chupa nayo haijui. Mwenye pikapu anayejaza kwenye madumu kando ya barabara kwa sababu kuna nafuu ya shilingi mia mbili kwa lita, kisha anakwenda kununua chupa ya dawa, amekula hasara mara mbili.

Sasa tuje kwenye nozeli. Hilux za zamani, zile za injini ya 3L na 5L, zilikuwa na pampu za kimakanika, na zilivumilia mengi. Hizi za D-4D zinatumia mfumo wa komoni reli, ambao Denso waliuleta sokoni mwaka 1995 kwenye lori la Hino Ranger. Humo ndani shinikizo linapita bar 1,500, na tairi la pikapu hiyohiyo, msikilizaji, lina bar mbili na ushee. Nafasi iliyopo kati ya sindano ya nozeli na ala yake ni mikroni chache tu. Uchafu ambao injini ya 3L ingeumeza bila kukohoa, huku unatosha kukwamisha sindano.

Hapo dawa ya kusafisha ina nafasi yake. Masizi yanayoganda kwenye ncha ya nozeli, na ule utando wa kahawia unaojijenga ndani, vinaweza kulegezwa na dawa nzuri ukiitumia kwa matangi kadhaa mfululizo. Lakini nozeli chafu ni kitu kimoja, na nozeli iliyolika ni kitu kingine. Fundi anayejua kazi haanzi na chupa ya dawa. Anachomoa vipira vya kurudisha mafuta, anaunganisha kila nozeli na kichupa chake cha plastiki, chupa nne zimening'inia kwa mstari juu ya injini, kisha anawasha gari na kuliacha liungurume taratibu. Baada ya dakika kadhaa anazitazama. Tatu zikiwa na dizeli kiasi cha kidole na ya nne imejaa nusu, jibu limepatikana: nozeli ya nne inavuja kwa ndani. Chuma kikishalika, hakuna kimiminika kitakachokirudisha. Hiyo inafunguliwa, inapelekwa kwa mafundi wa pampu na nozeli wenye mashine ya kupimia, au inabadilishwa. Kipimo hicho hakichukui muda wala gharama kubwa, na ningependa kila mwenye pikapu akidai kabla ya kuuziwa dawa.

Maji nayo ni ugonjwa wetu, hasa msimu wa mvua na kwa magari yanayolala na tangi nusu. Dawa za maji ziko za aina mbili, na lebo nyingi zinakwepa kueleza ni ipi. Ya kwanza inayachanganya maji na dizeli ili yapite yakaungue pamoja. Ya pili inayatenga yashuke chini, chujio liyakamate. Kwa komoni reli chagua hii ya pili, maana hutaki maji yapite kwenye nozeli kwa namna yoyote ile. Na kabla ya kununua yoyote, fungua kile kikoki kilicho chini ya chujio la dizeli, kinga kwa chupa ya kioo angavu, uiache ikae usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa yamejitenga chini, na mstari unauona kwa macho. Ukiyakuta, kazi ya kwanza ni kuyamwaga na kubadilisha chujio. Ile taa ya chujio kwenye dashibodi, ambayo madereva wetu wengi wameizoea kama pambo, ndiyo iliyokuwa ikisema hivyo.

Dawa za kuongeza namba ya setani, yaani wepesi wa dizeli kuwaka, nazipitia haraka. Chupa nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako kiwango cha chini cha setani ni 40, wakati Ulaya ni 51. Mwamerika wa Minnesota anayewasha gari kwenye barafu anazihitaji, sawa na anavyohitaji dawa ya kuzuia dizeli isigande. Ukiikuta hiyo ya kuzuia kuganda inauzwa Dar es Salaam, mwulize muuzaji inamgandia nani.

Kuna na wale wanaotia oili ya 2T, ya pikipiki, kwenye dizeli. Kwa 3L ya mzee wangu kijijini sitagombana na mtu. Kwa D-4D, hapana. Oili hiyo ilitengenezwa ichanganywe na petroli, si ipite kwenye mikroni chache tulizozitaja.

Na habari ya kubana mafuta? Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limetathmini zaidi ya vifaa na dawa 100 za kupunguza ulaji wa mafuta kwenye magari, na ni chache mno zilizoonyesha faida, nayo ndogo. Ukiona chupa inakuahidi asilimia ishirini, jua kwamba kuangalia upepo wa tairi na kutoa yale mabomba unayoyabeba keria bila sababu kutakupa zaidi kuliko itakavyokupa chupa hiyo.

Kwa hiyo ukifika kaunta, geuza chupa usome nyuma. Inapaswa kusema inafanya kazi gani, mililita ngapi kwa lita ngapi, na kama ina madini. Hili la madini ni muhimu kwa aliyeagiza pikapu kutoka Uingereza au Australia yenye chujio la masizi kwenye ekzosi: dawa yenye chuma huacha majivu ambayo hayaungui, na chujio hilo likiziba bei yake itakukalisha chini. Angalia pia hesabu. Tangi la Hilux ni lita 80. Chupa iliyoandikwa inatosha lita 40, umenunua nusu dozi. Mimina dawa kwanza, kisha jaza dizeli, ichanganyike yenyewe. Na kama gari ni la miaka mingi na halijawahi kusafishwa, nunua na chujio la akiba uliweke chini ya kiti, kwa sababu uchafu utakaolegezwa kwenye tangi utakwenda kukwama hapo, na mara nyingi unakwama ukiwa mlimani Kitonga na mzigo nyuma.