Stesheni za Mbali: Reli ya Kati na Watu wa Kasulu na Kibondo



Wilaya za Kasulu na Kibondo hazikujengewa hata stesheni moja ya Reli ya Kati. Hata hivyo, historia ya familia za nyanda hizi haikamiliki bila kuitaja reli. Stesheni za watu wa nyanda hizi zilikuwa nje ya wilaya hizo: Malagarasi, Uvinza, Kazuramimba na Kigoma. Huko ndiko vijana wengi walikoipa kisogo nchi yao, na baadhi yao hawakuiona tena.

Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma Februari 1914, umbali wa kilomita zipatazo 1,250. Ilifuata nchi ya chini kusini, ikaziacha nyanda za juu upande wa kaskazini. Uvinza ilikuwa mashuhuri kwa chumvi yake vizazi vingi kabla ya gari moshi, na watu wa Buha walizoea kuifuata kwa miguu. Sasa wakaanza kuteremka kwa sababu nyingine.

Sababu hiyo ilikuwa kodi. Serikali ya kikoloni ilidai fedha taslimu, ilhali Buha haikuwa na zao kubwa la biashara. Fedha zilikuwa katika mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga. Kutoka Kibondo mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 200, mwendo wa siku nyingi kwa mtu aliyebeba chakula chake kichwani. Kuanzia mwaka 1944 uandikishaji ulisimamiwa na shirika la wenye mashamba lililoitwa SILABU. Kwa kuwa Reli ya Kati na ile ya Tanga hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963, waliokwenda Tanga walishuka njiani na kuendelea kwa barabara.

Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Alipewa pia kipande cha kazi ya siku 30, na siku ambayo hakumaliza kazi yake haikuhesabiwa. Nyumbani, wake na mama walibaki na jembe, watoto na kungoja. Wako waliorudi na blanketi, nguo na fedha za mahari. Wako waliolowea huko, na uzao wao uko Tanga na Morogoro hata leo. Wako pia waliofia ugenini, na habari zao hazikufika.

Baada ya Uhuru uandikishaji huo ulikoma. Katika miaka ya 1990 reli ilitumika kwa kazi nyingine: chakula cha wakimbizi wa Burundi na Kongo kilisafirishwa kwa treni mpaka Kigoma, kisha kwa malori hadi makambini Kasulu na Kibondo, ambako shirika la TCRS, lililoanzishwa na Walutheri mwaka 1964, lilikuwa miongoni mwa waliowahudumia. Desemba 2009 mafuriko yaliikata njia kati ya Kilosa na Gulwe, na stesheni za magharibi zikakaa miezi bila treni ya abiria kutoka Dar es Salaam.

Stesheni yaweza kufa kabisa. Kusini mwa nchi, Nachingwea ilipata reli mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga. Mpango ukaanguka, reli ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa. Magharibi nako mambo yanabadilika. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa reli mpya ya SGR kati ya Tabora na Kigoma, na Januari 2025 ule wa Uvinza hadi Musongati, Burundi. Ni habari njema kwa wakulima na wafanyabiashara. Lakini njia mpya ikishapata stesheni zake, za zamani huachiwa majani, na wazee wanaokumbuka nani aliondokea wapi wanapungua kila mwaka.

Hapa ndipo Kanisa lina wajibu wake. Shambani mtu alikuwa namba. Katika ubatizo mtu huitwa kwa jina. Kwa hiyo kila familia ya usharika, katika mwaka huu wa jubilei, ingefaa iwaulize wazee wake ni nani aliyeteremka kwenda stesheni na hakurudi, jina lake liandikwe na litajwe katika sala. Majengo ya stesheni ni mali ya reli. Majina hayo ni amana ya Kanisa.