Giaboksi Huonya Kabla ya Kufa: Mazungumzo na Wenye Magari wa Umoja



Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Kazi yangu katika kaunti ni habari, na habari hupatikana kwa kuuliza. Nimewauliza mafundi maswali mengi kuhusu giaboksi kwa sababu gari likizimika katikati ya Moi Drive asubuhi, wanaochelewa kazini si abiria wake pekee. Tena wengi wenu mmenunua gari kwa mkopo ili lifanye teksi. Giaboksi ikifa, mkopo haufi.

Tuanze na gari lenyewe. Magari mengi hapa Umoja yalitoka Japani yakiwa yametumika. Shirika la KEBS haliruhusu gari lenye zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, lakini hata la miaka 7 lina historia usiyoijua. Huwezi kuapa kwamba oili ya giaboksi iliwahi kubadilishwa. Kwa hivyo ukishalinunua, ikague kwanza, kabla ya kufikiria viti vya ngozi na redio kubwa.

Dalili ya kwanza ambayo watu huipuuza ni kuchelewa. Unaweka D, gari linafikiri kwanza, kisha linaruka. Ya pili ni kuteleza: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki. Kuna pia kushtuka gia ikibadilika, mlio wa kulia unaopanda na mwendo, harufu ya kuungua, na tone jekundu au la kahawia pale ulipoegesha usiku. Ukiona moja kati ya hizi, usisubiri mwisho wa mwezi.

Hapa niweke neno kando. Katika Toyota nyingi za miaka ya nyuma kuna taa ya O/D OFF. Ikiwaka bila kupepesa, mara nyingi ni kitufe kilicho kwenye mkono wa gia kimebonyezwa. Kibonyeze tena, uende zako. Usimlipe mtu kwa hilo! Lakini ikipepesa, kompyuta ya gari imeona hitilafu, na hapo tafuta fundi mwenye mashine ya kuisoma.

Sasa oili, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Oili ya giaboksi ya auto ya kawaida huwa nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, vyuma ndani vimeanza kulika. Toyota nyingi zenye kijiti hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Honda hupimwa mara tu baada ya kuzima. Magari ya CVT, ambayo hutumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, mengi hayana kijiti kabisa, na oili yake ni ya aina yake: Nissan nyingi hutaka NS-2 au NS-3, Toyota hutaka TC au FE. Fundi akikuambia oili ni oili, chukua funguo zako. Oili isiyofaa inaweza kuua CVT iliyokuwa nzima.

Kwa matatu na magari ya klachi sina mengi. Acheni kupumzisha mguu juu ya klachi kwenye foleni ya Outering Road. Injini ikinguruma gia ya juu na gari halivuti, klachi imekwisha. Gia ikikwaruza kuingia, anza na klachi kabla hujailaumu giaboksi.

Gari la auto likikwama, msilivute kwa kamba. Pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima na magurudumu yanazunguka, vyuma vinasagana vikiwa vikavu. Magari yetu madogo mengi husukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo hayo ndiyo yainuliwe, au gari libebwe lote juu ya lori. Ni ghali kuliko kamba, lakini si ghali kuliko giaboksi.

Ukiambiwa giaboksi nzima ibadilishwe, uliza kwanza kama wameangalia kiwango cha oili, nyaya, solenoidi na maunti za injini. Ikibidi kununua nyingine Kirinyaga Road, hakikisha namba ya aina inalingana na yako, na upate risiti yenye muda wa kuijaribu. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Una haki ya kukadiriwa gharama kabla ya kazi, kutolipishwa kazi ambayo hukuidhinisha, na kurudishiwa vipuri vya zamani ukivitaka. Mafundi, msinune. Karatasi hiyo ya makadirio huwalinda nyinyi pia, mteja akija kudai hakukubali.

La mwisho ni la kaunti. Oili mliyoitoa msiimwage kwenye mtaro. Mvua ikinyesha huenda mtoni, na kabla ya kufika huko hupita mbele ya vibanda vya mboga na watoto wanaocheza. Iwekeni kwenye mtungi wenye kifuniko, mumpe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA.

Haya, fundi uliyeinua mkono pale nyuma, nakusikiliza.